Kutoka Kijitini hadi Akilini

Fikra dhahania ni uwezo wa kushughulikia jambo lisiloshikika wala kuonekana, kama vile idadi, muda au haki, na uwezo huo haumjii mtoto kwa kuambiwa tu, bali hujengeka hatua kwa hatua kupitia zana anazofundishiwa. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba mtu hulijua jambo kwa kulitenda, kwa kuliona katika picha, na kwa kulieleza kwa alama, yaani maneno na tarakimu.

Kwa mwalimu wa mitaa ya Nairobi kama Kawangware au Kangemi, vijiti na vifuniko vya soda havina gharama, na thamani yake ni kubwa. Mtoto anayejifunza namba 34 hufunga vijiti kumi kumi kwa mpira, akapata mafungu 3 na vijiti 4 vilivyobaki. Kisha huyachora mafungu hayo. Hatimaye huandika 34, akijua kwamba hiyo 3 ni makumi matatu, dhana iitwayo thamani ya nafasi. Mchoro ndio rahisi kurukwa, ilhali ndio unaomzoeza mtoto kuacha kijiti bila kuipoteza maana yake.

Vyombo vya habari navyo ni zana: shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliwafikia wanafunzi kwa redio na televisheni. Televisheni humpa mtoto umbo lililokamilika. Redio humlazimu alifinyange mwenyewe, nalo ni zoezi zuri la fikra, mradi awe amekwisha kuona na kushika vitu vinavyotajwa.

Kati ya mambo yasiyoshikika, muda ndio mgumu kuliko yote. Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi yanahifadhi mifupa ya kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Mifupa huonekana, lakini miaka haionekani. Mwalimu akitandaza kamba uani, sentimita 1 ikiwakilisha miaka 1,000, kijana huyo atakuwa umbali wa mita 15, na miaka yote tangu uhuru wa 1963 haitatimia hata milimita 1. Kisha kamba hukunjwa, wanafunzi wakaulizwa dinosaria wa mwisho, walioangamia miaka milioni 66 iliyopita, wangekuwa wapi, na kwa kuwa mita 660 hazienei katika ua wa shule, kila mmoja hulazimika kuitandaza kamba hiyo akilini mwake.