Akirudi kutoka majuu hakuna kukumbatiwa: muvi 3 za Iran za kukuguza roho

Unajua ile sini ya airport. Kijana ametoka majuu, mathe anapiga vigelegele, anamkumbatia, wewe unatoa chozi. Kwa muvi za Iran zinazotengenezwa nyumbani, hiyo hutaipata, na si ati Wairani hawana hisia.

Iko hivi. Sheria za sinema zilizokuja baada ya mapinduzi ya 1979 hazikubali mwanamume na mwanamke kugusana mbele ya kamera, hata kama kwa stori ni mama na mtoto wake. Mwanamke anavaa kitambaa kichwani hata akiwa jikoni kwake. Sasa mwelekezi ataonyesha aje furaha ya mtu kurudi? Anatumia chai, begi limeachwa mlangoni, mtu akiangalia kando.

Ongeza taarof, adabu yao ya kukataa kwanza ndio usisitiziwe. Watu wanaongea vizuri sana, na ukweli unakawia kutoka. Hapo ndipo drama ya familia inaanzia.

1. About Elly (2009)

Ahmad amerudi kutoka Ujerumani baada ya kuachana na mke wake Mjerumani. Marafiki zake wa Tehran wanampeleka Bahari ya Caspian. Sepideh amemletea dem, Elly, mwalimu wa mtoto wake, na anamdanganya mama wa nyumba ya kukodi ati hao wawili wameoana juzi. Kauongo kadogo tu. Kisha Elly anapotea, na kila mtu analazimika kuongeza wake. Asghar Farhadi alishinda tuzo ya mwelekezi bora Berlin na hii.

2. What's the Time in Your World? (2014)

Hii ni ya Safi Yazdanian, na ni ya pole pole. Goli amekaa Ufaransa miaka 20, anaamka tu na kurudi Rasht, mji wake wa mvua. Mamake alishakufa akiwa mbali. Anakutana na Farhad, fundi wa fremu za picha, anayemjua vizuri kabisa. Yeye hamkumbuki hata kidogo. Hebu fikiria: maisha yako ya zamani yametunzwa na mtu ambaye umemsahau.

3. A Separation (2011)

Hapa hakuna anayerudi, lakini usiiruke. Simin anataka familia ihame nchi. Bwanake Nader hataki, juu babake ana Alzheimer's. Mbele ya hakimu, hakuna mwenye makosa kati yao. Ilibeba Oscar 2012.

Ukiziangalia zote tatu, utashika rada. Swali la hizi muvi si ati aliyeenda alileta nini. Ni nani alibaki akimwosha mzee, akimzika mama, akikumbuka majina. Aliyerudi anadhani nyumba ilisimama ikimngoja, kumbe ilikuwa inazeeka na mtu mwingine ndani.

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na About Elly, ndiyo inaenda mbio. Weka simu mbali, maandishi ya chini hayangoji mtu. Halafu ukimaliza, pigia yule wa kwenu aliyebaki na wazazi. Usiulize wazazi wako aje. Muulize yeye yuko aje.