Ngurumo za Subaru na bei ya kelele

Mkazi yeyote wa Nairobi anaijua sauti hiyo. Ni saa nane za usiku, mtaa umetulia, hata mbwa wamechoka kubweka, mara kutoka barabara kuu lapita gari likinguruma na kulipuka mithili ya bunduki. Mtoto anazinduka akilia. Baba anageukia ukutani huku akiwalaani wazazi wa kijana asiyemjua.

Nami nilikuwa miongoni mwa wenye kulaani, hadi nilipogundua kwamba mmoja wa vijana hao ni mpwa wangu.

Dada yangu alikuwa amechukua mkopo katika sako akanunua Subaru Forester yenye turbo. Lilikuwa gari la kazi: asubuhi kumpeleka kitinda mimba shuleni, mchana kusambaza keki kwa wateja. Mwanawe wa chuo kikuu ndiye aliyekuwa dereva wa jioni. Siku moja alinijia akitabasamu. "Mjomba, nimelifungua bomba la moshi. Sasa gari linapumua!"

Naam, tukutazame huko kupumua. Turbo ninayoizungumzia si ule mji wa Uasin Gishu, bali ni mtambo mdogo ulio kando ya injini. Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe. Yenye turbo husukumiwa. Moshi unaotoka kwenye injini, ukiwa na joto linaloweza kufika digrii 900, hulizungusha gurudumu dogo lenye mapanga zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na lingine ambalo huibana hewa safi na kuisukuma ndani. Hewa ikiwa nyingi na petroli ikaongezwa, nguvu huzidi. Hapa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Si ajabu basi turbo ikapendwa sana.

Moshi ukishapita kwenye turbo na kupata njia pana, lile gurudumu huzunguka kwa wepesi zaidi. Kwa hivyo vijana wanaosema kwamba bomba pana huongeza nguvu hawadanganyi. Kinachowaponza ni kutojua ni bomba lipi.

Kopo la nyuma kabisa, yaani sailensa ya mwisho, hubadilisha sauti zaidi kuliko kitu kingine. Ukiliondoa utawaamsha majirani, lakini nguvu utakayopata ni haba. Wengi hufikiri wataipata ile sauti ya Subaru za Safari Rally, kama aliyoshinda nayo Colin McRae mwaka 1997, au Richard Burns mwaka 2000. Hawajui kwamba ule mdundo wa Subaru za zamani haukuzaliwa nyuma. Ulitokana na mabomba yaliyo chini ya injini, kabla ya turbo, ambayo urefu wake haukuwa sawa, hivyo moshi wa pistoni za upande mmoja ukachelewa kuliko wa upande wa pili.

Nguvu zenyewe ziko kwenye bomba linalopokea moshi punde tu unapotoka kwenye turbo. Aghalabu hapo ndipo palipo na kataliti, kopo lenye vijitundu kama sega la nyuki ambalo hupunguza sumu ya moshi. Ndani yake mna chembechembe za madini ghali kama platinamu na paladi, na ndiyo sababu fundi akikwambia kwamba kataliti yako ni takataka, uiombe uende nayo nyumbani.

Fundi wa mpwa wangu aliikata, akachomelea bomba la inchi 3, akabaki na kopo. Kwa wiki moja kijana alikuwa mfalme wa mtaa. Kisha gari likaanza kushtuka kila likikazwa, kama punda aliyegoma, na taa ya injini ikawaka. Maana yake ilikuwa wazi kwa anayejua: turbo ilikuwa ikisukuma hewa kupita kiasi kilichowekwa na kiwanda, na kompyuta ya gari ilikuwa ikikata petroli ili kuinusuru injini. Dawa aliyoitoa fundi ni kuibandika taa ile utepe mweusi.

Hewa ikizidi na petroli isitoshe, mchanganyiko hulipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpango. Kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni. Jumapili moja, kwenye kilima cha kuelekea Limuru, nyundo ilimaliza kazi. Moshi wa samawati ukatanda nyuma, na fundi mwingine alipoifungua injini alikuta pistoni imemeguka kwenye mifereji ya ringi.

Lakini lililomtia dada yangu baridi si pistoni. Fundi huyo alimwonyesha kiungo kilichochomelewa vibaya, kikivujisha moshi chini ya sakafu ya gari. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kitinda mimba alikuwa akilalamika kuumwa na kichwa kila asubuhi akiwa njiani kwenda shule. Sisi tulidhani ni uvivu wa masomo.

Je, kazi hii haiwezi kufanywa ipasavyo? Yaweza. Huwekwa kataliti yenye njia pana, sailensa ikaachwa mahali pake, kisha mtaalamu akaipanga upya kompyuta huku akipima mchanganyiko wa hewa na petroli gari likiwa kazini. Kwa maoni yangu, asiye na fedha za hatua hiyo ya mwisho asianze ya kwanza. Tena kuna kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, ingawa usiku wa manane polisi huwa wachache kuliko Subaru.

Injini iliundwa upya, na deni la sako likarefuka. Mpwa wangu sasa husambaza keki kwa miguu na matatu kila likizo. Utepe mweusi umebanduliwa. Ufunguo unapozungushwa, taa ya injini huwaka kidogo kisha huzimika, na dada yangu hafungi mkanda kabla hajaiona ikizimika.