Sakafu ya Udongo, Nyufa Zake na Papasi

Nyumba nyingi za vijijini katika Mkoa wa Tabora zina sakafu ya udongo ulioshindiliwa, kama zilivyokuwa tembe za Unyanyembe wakati wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Sakafu ya namna hii haigharimu fedha nyingi, huwa na ubaridi wakati wa jua kali la Septemba na Oktoba, na ikiharibika fundi wake ni mwenye nyumba mwenyewe. Adui wake mkubwa ni ufa. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba ufa huo hauharibu sura ya chumba tu, bali huhatarisha uhai wa wanaolala humo.

Kwa nini udongo hupasuka? Udongo ni mchanganyiko wa chembe za ukubwa mbalimbali. Mchanga ndio mifupa yake: haunywi maji wala haunywei. Mfinyanzi ndio gundi. Chembe zake, ambazo hazifiki milimita 0.002, ni bapa kama magamba, na baina yao hukaa utando wa maji. Maji yakikauka, magamba husogeleana, udongo wote hunywea, na kwa kuwa sakafu haiwezi kujikunja kama ngozi, hupasuka. Udongo mweusi wa mbugani ndio mbaya kuliko wote kwa jambo hili. Ule wa kichuguu hushikamana vizuri sana, lakini nao huhitaji kuongezewa mchanga.

Wanafunzi wanaweza kuupima udongo wa kwao. Jaza chupa nyeupe udongo hadi theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uache hadi kesho yake. Mchanga utakuwa chini, chembe za kati juu yake, na mfinyanzi juu kabisa. Halafu finyanga udongo wenye unyevu katika kisanduku cha sentimita 30 na uukaushe kivulini. Ukipungua urefu kwa milimita 15, umenywea kwa asilimia 5. Sakafu ya udongo huo itapasuka bila shaka. Ongeza mchanga na urudie jaribio.

Sasa tutazame kinachoishi ndani ya ufa. Papasi ni aina ya kupe asiye na gamba gumu mgongoni. Mchana hujificha katika nyufa na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi shimoni kabla hakujacha. Ndiyo maana wengi huumwa naye bila kumwona. Aweza kukaa miaka kadhaa bila chakula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa si salama kwa sababu tu ilikuwa tupu.

Papasi huambukiza homa ya vipindi, iitwayo pia homa ya papasi. Mgonjwa hushikwa na homa kali kwa siku chache, hupata nafuu, kisha homa humrudia. Mwaka 1905 Dutton na Todd, waliokuwa Kongo ya mashariki, walithibitisha kwamba papasi ndiye mwenezi. Dutton mwenyewe aliugua akafa Kasongo, mji wa Manyema uliokuwa katika njia ya misafara ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kijidudu chenyewe, chenye umbo la uzi uliosokotwa, kinabeba jina lake. Wakati uohuo Robert Koch alikuwa akichunguza vibanda vya wapagazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuta papasi katika sakafu zake, na vijidudu hata ndani ya mayai yao: maana yake papasi aweza kuzaliwa tayari ameambukizwa. Kila kituo cha msafara kilikuwa hodhi la maradhi, kwani wageni wapya walilala kila usiku juu ya nyufa zilezile.

Homa hii hutibika kwa dawa za antibiotiki, lakini huwadhuru sana wajawazito na watoto wachanga. Kosa la kawaida ni kuidhania malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakioneshi kijidudu hiki. Huonekana damu itazamwapo kwa hadubini.

Turudi kwenye ukarabati. Watu wengi humimina tope jepesi ndani ya ufa. Tope hilo lina maji mengi, hivyo hunywea na kuacha nyufa mbili ndogo kandokando badala ya mmoja. Inafaa kuupanua ufa kwa patasi hadi udongo mzima, kufagia vumbi lote na kulichoma, kulowesha kingo, kisha kushindilia ndani yake udongo mkavukavu wenye mchanga mwingi, tabaka baada ya tabaka. Kumimina saruji nyembamba juu ya sakafu ya udongo mbovu ni kupoteza fedha, maana udongo ulio chini huendelea kuvimba na kunywea, na saruji hubanduka.

Desturi ya akina mama ya kusiriba sakafu mara kwa mara ina msingi wa kisayansi, kwani huziba nyufa zingali nyembamba. Nyuzi za samadi hupunguza mpasuko. Lakini samadi yaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda, basi isitumike chumbani mwa mzazi na mtoto mchanga.

Kazi hii ifanywe kiangazi, ili sakafu ikauke polepole chini ya magunia yenye unyevu kabla ya mvua za Novemba. Wakati huo wote kitanda kisogezwe mbali na ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro.