Kalenda ya Ziwa na Kalenda ya Shule: Ushiriki wa Wazazi katika Programu za Shule za Msingi za Umma Kibirizi, Kigoma

Ikisiri

Makala hii inafafanua uhusiano kati ya programu za shule ya msingi ya umma na maisha ya jamii ya wavuvi katika Kata ya Kibirizi, Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Hoja kuu ni kwamba sehemu ya kile kinachoitwa mwamko mdogo wa wazazi inatokana na mgongano wa kalenda mbili: ya shule, inayofuata jua, na ya uvuvi, inayofuata mwezi.

1.0 Utangulizi

Kibirizi ipo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mwalo wake hupokea dagaa na migebuka, na ndipo zinapoondokea boti za abiria na mizigo kuelekea vijiji vya mwambao wa kaskazini na Gombe. Kutokana na hali hiyo, darasa moja la shule ya umma mahali hapa laweza kuwa na watoto wa Waha, Wamanyema, Wabembe na wa familia zenye asili ya Burundi. Mchanganyiko huu si mpya. Wamanyema walifika Ujiji na viunga vyake katika karne ya 19 wakitokea mashariki ya Kongo, wakati wa biashara ya misafara; nayo Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilifungua njia kwa watu wa sehemu nyingine za bara.

Ni kawaida utofauti wa shule kama hii kuelezwa kwa misingi ya kabila na lugha. Msingi huo una uzito wake, lakini Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967, huwaunganisha watoto hao kwa kiasi kikubwa. Upo utofauti mwingine usiotajwa sana, nao ni utofauti wa wakati ambapo kipato huingia nyumbani. Mtoto wa mtumishi wa umma, mtoto wa mkulima na mtoto wa mvuvi huketi dawati moja, ilhali nyumba zao hupata fedha kwa majira matatu tofauti.

2.0 Wajibu wa Mzazi katika Elimu Bila Malipo

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi, na utekelezaji wake ulianza Januari 2016. Serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji inayokadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Ruzuku hiyo haigharimii chakula. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua kuwa sare, vifaa vya kujifunzia na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vinabaki kuwa wajibu wa mzazi au mlezi.

Kwa hiyo programu ya uji au chakula cha mchana, ambayo ndiyo inayomgusa kila mwanafunzi kila siku, husimama juu ya mfuko wa mzazi. Kamati ya shule huitisha mkutano, wazazi hukubaliana kiwango cha mahindi, maharage au fedha, na tarehe ya mwisho hupangwa. Tarehe hiyo inapopita na baadhi hawajatoa, walimu hulazimika kuchagua mojawapo ya mambo mawili: kuwalisha wote mpaka akiba iishe kabla ya wakati, au kumwacha nje ya foleni mtoto ambaye mzazi wake hajachangia. Chaguo la pili humwadhibu asiye na kosa. La kwanza huwakatisha tamaa waliochangia.

3.0 Mwezi na Mfuko wa Mvuvi

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilitumika karabai, na siku hizi taa za betri na za nishati ya jua zimeenea. Taa huvuta samaki palipo na giza. Mwezi unapopevuka, mwanga wake hushindana na taa na mavuno hupungua. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupandishwa mchangani na wavuvi hushona nyavu. Wengi wao hawana mshahara bali hulipwa kwa mgawo wa mavuno. Wanawake wanaoanika dagaa, wachuuzi na wapagazi wa mwaloni hutegemea mitumbwi hiyohiyo. Mbalamwezi, kwa hiyo, ni majira ya ukata kwa mwalo mzima.

Mzunguko wa mwezi huchukua takribani siku 29 na nusu. Mizunguko 12 hufanya siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Matokeo yake ni kwamba mbalamwezi haikai katika tarehe moja ya kalenda ya serikali. Mwaka 2024 unaonesha jambo hili wazi. Mwezi ulipevuka tarehe 25 Januari, 24 Februari na 25 Machi. Kufikia mwishoni mwa mwaka ulipevuka tarehe 17 Oktoba, 15 Novemba na 15 Desemba.

Tuchukulie kuwa shule hukusanya michango siku tatu za mwisho wa kila mwezi, tarehe inayomfaa mwenye mshahara. Mwishoni mwa Februari 2024 mvuvi alikuwa katikati ya mbalamwezi, mikono mitupu. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo alikuwa katika giza, akivua. Daftari la michango lingemwonesha mzazi huyo mmoja kuwa mkaidi mwezi wa pili na mwajibikaji mwezi wa kumi. Tabia yake haikubadilika. Kilichobadilika ni mwezi.

Mwaka huohuo uliongeza uzito mwingine. Shughuli za uvuvi katika ziwa hilo zilisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana. Katazo hilo lilianza kabla ya likizo ya katikati ya mwaka na kumalizika shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Tarehe zake zilijulikana kabla, na hivyo kamati ya shule inayofuatilia habari za ziwa ingeweza kuweka akiba ya chakula mapema.

4.0 Programu za Mfuko na Programu za Muda

Si kila programu huathiriwa kwa namna moja. Ziko zinazohitaji mfuko wa mzazi, kama chakula, na ziko zinazohitaji muda wa mtoto au mzazi, kama klabu za masomo, michezo, mikutano na utunzaji wa mazingira. Mfano wa kundi la pili ni klabu za Roots & Shoots, zilizoanzishwa Tanzania mwaka 1991 na Jane Goodall, aliyeanza utafiti wake wa sokwe Gombe mwaka 1960. Kupanda na kumwagilia miti hakudai fedha nyingi, bali hudai mtoto awepo.

Hapa kalenda ya ziwa hugeuka upande wa pili. Siku za giza, mfuko una nafuu, lakini mitumbwi hutia nanga alfajiri, saa ileile ambayo mwanafunzi anapaswa kuwa njiani kwenda shule, na kazi ya kubeba na kuanika dagaa huhitaji mikono. Siku za mbalamwezi mikono iko huru, ila mfuko ni mtupu. Vivyo hivyo, mkutano wa asubuhi katika siku za giza humkuta baba amelala baada ya kukesha ziwani na mama yuko kwenye vichanja. Mkutano huohuo ukiitishwa alasiri ya mbalamwezi, wote wawili wana nafasi.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Ufafanuzi huu haudai kuwa mwezi ndio chanzo cha kila upungufu. Upepo wa kusini wa kiangazi, bei ya samaki, umaskini wa kudumu na uhamaji wa wazazi navyo vina nafasi. Aidha, si kila mzazi wa Kibirizi ni mvuvi. Hata hivyo, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, kamati za shule za mwaloni zipange makusanyo katika wiki za giza na mikutano katika wiki za mbalamwezi, huku zikiacha tarehe nyingine kwa wenye mishahara. Pili, dagaa wakavu wapokelewe kama mchango halali, kwa kuwa ndicho alichonacho mzazi na ni lishe bora kwa mtoto. Tatu, watafiti wanaochambua mahudhurio na michango katika shule za namna hii wapange takwimu zao pia kwa awamu za mwezi. Jumla ya mwezi wa kalenda huchanganya siku za kupata na siku za kukosa, na anayeisoma peke yake anaweza kuita uzembe kile ambacho ni mbalamwezi.