Hadithi za Bibi Ziwe Vitabu vya Shule

Mfikirie mtoto wa darasa la kwanza. Katika shule nyingi watoto kadhaa huinamia kitabu kimoja. Aliyekaa pembeni huona kisogo cha mwenzake tu. Kitabu kikiisha, hurudiwa kile kile mpaka watoto wamekikariri. Utadhani mtoto anasoma, kumbe anaimba.

Iko njia ya kupata vitabu zaidi. Mwaka 2014 shirika la elimu la Afrika Kusini, liitwalo Saide, lilifungua maktaba ya hadithi katika intaneti. Jina lake ni African Storybook. Maktaba hii haina ukuta wala rafu. Hadithi zake husomwa kwa simu au kompyuta. Zimo katika lugha zaidi ya 100 za Afrika, na Kiswahili kimo. Kusoma ni bure. Kunakili pia ni bure, ila jina la mtunzi lisifutwe.

Hadithi zimepangwa kwa ngazi 5. Ngazi ya kwanza ina maneno machache tu katika kila ukurasa. Ya mwisho ni ndefu, nayo mwalimu huwasomea watoto kwa sauti.

Lakini lililo kubwa ni hili: katika maktaba hii wewe si msomaji tu, waweza kuwa mtunzi. Je, bibi anajua hadithi ya sungura na fisi? Watoto waisikilize, kisha waigawe vipande vifupi. Mwalimu achague picha zilizomo katika maktaba, aandike sentensi kwa kila picha. Au achukue hadithi iliyotungwa Uganda, aitafsiri kwa lugha ya watoto wake.

Utasema, "Shule yetu haina mtandao." Basi mwalimu akienda mjini apakue hadithi kwenye simu. Ipo programu ya kuzitunza ili zisomwe bila mtandao. Penye umeme na projekta, hadithi huonyeshwa ukutani, darasa zima likasoma pamoja. Pasipo na umeme, hadithi zichapwe mjini kwenye karatasi, zishonwe kwa uzi, ziwekwe katika maktaba ya shule. Karatasi na wino si bure. Kamati ya shule na wazazi wakubaliane mapema nani atalipa, maana hapo ndipo mipango mingi hukwama.

Jambo jingine ni makosa. Hadithi ikishatolewa katika intaneti, shule nyingine huinakili na kuitafsiri pamoja na makosa yake. Kosa la kijiji kimoja huenda likafundishwa mbali sana. Kwa hiyo mwalimu asiharakishe kuitoa. Kwanza aisome kwa sauti mbele ya bibi aliyeisimulia. Bibi akisema, "Hapo sivyo nilivyosema, mwanangu," pasahihishwe.