Mti wa Majani Mekundu Nyumbani Kwako

Kila mwaka, ifikapo Novemba, watu wengi nchini Japani hufunga safari hadi Kyoto na miji mingine kwenda kutazama majani ya miti. Mti unaowavuta zaidi ni mepo, ambao majani yake hugeuka mekundu kama moto kabla ya kupukutika. Jani la jamii hiyo ndilo lililo katika bendera ya Kanada tangu mwaka 1965. Akina mama wenye watoto au ndugu ng'ambo wametumiwa picha zake, na wengine wametamani kuletewa mbegu.

Mama mpenzi, usijisumbue. Mepo huhitaji miezi kadhaa ya baridi kali ili ulale na kupata nguvu mpya. Katika joto la Tanga, Mombasa au Dar es Salaam hudhoofika. Hata hivyo, Mwenyezi Mungu hakutunyima sisi rangi hizo. Tunayo miti yetu, na mingi tunaipita kila siku bila kuitazama.

Kwa nini jani hubadilika rangi?

Jani huwa la kijani kwa sababu ya rangi iitwayo klorofili, ambayo huuwezesha mti kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mti unapojiandaa kuangusha majani, huvunja rangi hiyo na kurudisha virutubisho vyake shinani. Ndipo rangi ya manjano iliyokuwa imefichika huonekana, na katika miti mingine rangi nyekundu hutengenezwa. Huko ng'ambo kinachouhimiza mti ni baridi na siku kuwa fupi. Kwetu mara nyingi ni ukame.

Mkungu, mepo wa pwani

Mkungu ndio unaotupa rangi hizo waziwazi. Matawi yake hutanda kwa ngazi, moja juu ya jingine kama ghorofa. Wakati wa kiangazi majani yake mapana hugeuka manjano, rangi ya shaba, kisha mekundu, na kuanguka. Mahali pengine hufanya hivyo mara 2 kwa mwaka. Hustahimili upepo wa bahari, chumvi na mchanga. Kivuli chake ni kizuri, na ndani ya kungu mna kiini kitamu ambacho watoto hukipenda.

Kuupanda si kazi ngumu:

1. Okota kungu zilizoiva na kuanguka karibuni. Ziloweke usiku mmoja.
2. Zipande katika mifuko ya miche yenye udongo na samadi iliyooza. Mwagilia kila siku bila kufurikisha. Kwa kawaida huota baada ya wiki 3 hadi 6.
3. Mche ukifikia sentimita 30 hivi, subiri mvua za masika. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na sentimita 60 upana, uchanganye udongo wa juu na samadi.
4. Panda mbali na nyumba, kisima na shimo la choo, angalau mita 8. Mkungu huwa mkubwa sana na mizizi yake ina nguvu.
5. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche bila kugusa shina, na uukinge na mbuzi.

Kama ua wako ni mdogo, panda mdalasini. Rangi yake huja kinyume: majani huwa mekundu yanapochipua, kisha hugeuka kijani. Ukipogolewa hubaki kichaka, na gome lake utalitia katika chai na pilau. Ndugu zetu wa Tabora nao huona ajabu hiyo msituni, kwani kabla ya mvua miombo huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba.

Jihadhari na uzuri wenye sumu

Hapa naomba tusikilizane kama akina mama. Si kila jani jekundu linafaa mahali wanapocheza watoto. Kuna mnyonyo wa majani mekundu ambao wengine huupanda kama pambo. Mbegu zake zinavutia, zina madoadoa kama shanga, lakini zina sumu kali. Mtoto akizitafuna anaweza kufa. Ung'oe, hata kama unapendeza. Ua la Krismasi nalo lina utomvu mweupe unaowasha ngozi na macho, basi vaa glovu unapolikata.

Mtoto akitafuna mmea usioujua, mtoe mabaki kinywani na umsukutue kwa maji. Usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima, na uchukue tawi au mbegu ya mmea huo ili mganga auone.

Majani yaliyoanguka

Mti upukutishao majani unataka mama wa nyumba asiyechoka kufagia. Majani ya mkungu huziba mifereji ya paa, na maji yanayotuama humo huwa mazalio ya mbu aenezaye homa ya dengi. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Safisha mifereji kila wiki wakati wa mvua, kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Mtu akipata homa na maumivu makali ya kichwa na viungo, usimpe aspirini, kwani huweza kuzidisha kutoka damu. Mpeleke akapimwe.

Wala usiyachome majani hayo. Moshi wake huwadhuru watoto wenye pumu na wazee wenye kifua. Yakusanye katika shimo, changanya na samadi na maganda ya jikoni, nyunyizia maji na kugeuza mara kwa mara. Baada ya miezi kadhaa utapata mbolea nzuri kwa mchicha wako.

Zaburi ya kwanza inamfananisha mwenye haki na mti uliopandwa kando ya maji, ambao majani yake hayanyauki. Mkungu wetu unatufundisha fundisho jingine: kuna wakati wa kuachilia. Mti unaoshikilia kila jani wakati wa ukame hupoteza maji na kudhoofika. Ule unaokubali kuyaachia huchipua tena upya. Mama aliyechoka, anayebeba mzigo wa nyumba nzima peke yake, aitazame miti hiyo na kujiuliza ni lipi awezalo kumwachia Bwana, na lipi awaachie mume na watoto wamsaidie.

Masika yanapokaribia, waite watoto mpande pamoja. Kila mmoja apewe mche wake wa kuutunza.