Jina Chini ya Maandishi: Udanganyifu wa Kifasihi na Wakusanyaji wa Masimulizi ya Masisi na Walikale

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi udanganyifu wa kifasihi unavyotendeka na unavyogunduliwa, kisha kuonyesha kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaokusanya na kufundisha masimulizi ya Masisi na Walikale. Mfano wetu wa kwanza unatoka mbali. Ni filamu iitwayo Can You Ever Forgive Me?, iliyoongozwa na Marielle Heller mwaka 2018, ambamo Melissa McCarthy anaigiza nafsi ya Lee Israel.

Israel (1939–2014) alikuwa mwandishi wa wasifu za watu mjini New York. Vitabu vyake vilipoacha kununuliwa, akaingiwa na ufukara. Mapema katika miaka ya 1990 alianza kutunga barua na kuwauzia wafanyabiashara wa hati za kale, huku akizitia majina ya watu mashuhuri waliokwisha kufariki, kama vile Dorothy Parker na Noël Coward. Barua hizo zilizidi 400. Mwaka 1993 alihukumiwa kifungo cha nyumbani cha miezi sita, pamoja na miaka mitano ya kuwa chini ya uangalizi wa mahakama. Jina la filamu, ambalo ni jina la kitabu chake cha mwaka 2008 pia, limetokana na mojawapo ya barua alizozighushi.

Yafaa hapa tutofautishe mambo mawili. Mwizi wa maandishi huchukua maneno ya mwenzake akayatia jina lake mwenyewe. Mghushi hufanya kinyume: huchukua maneno yake akayatia jina la mwingine. Hata hivyo wote wawili hukata kamba ile ile, yaani ile inayofunga sauti ya msemaji na jina lake.

Je, mghushi hugunduliwaje? Msomaji makini huchunguza tabaka tatu. La kwanza ni la vitu: karatasi, wino, taipureta, saini. Israel alilishinda kwa kutumia taipureta za zamani na kufuatisha saini halisi. La pili ni la lugha: msamiati, miundo ya sentensi, mizaha. Hapa napo alifaulu, kwa kuwa miaka ya kuandika wasifu ilikuwa imemfunza kusikiliza sauti za watu. La tatu ni la muktadha: nani aweza kumwambia nani jambo gani, na wakati gani. Hapo ndipo alipojikwaa. Alimfanya Coward azungumzie waziwazi mapenzi ya jinsia moja, ilhali katika Uingereza ya wakati wake jambo hilo lilikuwa kosa la jinai hadi mwaka 1967, naye Coward alikuwa mwenye hadhari kubwa. Waliomfahamu wakashtuka. Pamoja na hayo, barua mbili za kughushi ziliingia katika mkusanyo wa barua za Coward uliochapishwa mwaka 2007. Tunaona basi kwamba hata wataalamu hudanganywa.

Nchini mwetu ipo kadhia isiyokuwa na mahakama wala hukumu. Mwaka 1931 kilichapishwa mjini Brussels kitabu cha Kifaransa kiitwacho L'Éléphant qui marche sur des œufs, chenye jina la Badibanga kutoka Kasai. Nyuma yake walikuwapo Wabelgiji wawili, Georges Thiry na Gaston-Denys Périer. Kitabu kilipata medali ya Akademia ya Ufaransa. Tangu hapo wahakiki wamejadiliana: masimulizi ni ya nani, na Kifaransa kile ni cha nani? Sisemi kwamba huo ulikuwa ulaghai. Nasema tu kwamba pale ambapo mipaka ya kazi ya kila mmoja haikuandikwa, msomaji huachwa na mashaka ambayo hakuna awezaye kumwondolea.

Mfano ulio kinyume chake tunao hapa hapa Walikale. Mwaka 1956 Candi Rureke, bingwa wa karisi, aliimba na kusimulia kwa Kinyanga habari za Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili, huku Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika. Kitabu kilitoka mwaka 1969. Wahariri wake ni Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa Mnyanga mwenyewe. Majina yaliyo jaladani ni ya wahariri, lakini utangulizi unamtaja Rureke na kueleza alivyosimulia, na ndani ya utendi wenyewe msimulizi humgeukia mwandishi na kumhimiza. Msomaji ajua anamsikiliza nani.

Nakiri kosa langu. Nilipokuwa nikitayarisha kazi yangu ya leseni, nilikusanya hadithi za Kihunde kwa bibi mmoja wa kijiji cha Masisi. Nikaandika tu: “msimulizi, mzee wa kike”. Vita vikafika, kijiji kikahama. Nilipowauliza wenyeji baadaye, kila mmoja alinitajia bibi mwingine. Sikughushi kitu, lakini hadithi zile leo zimebaki na jina moja tu, nalo ni langu. Katika wilaya ambazo watu wake wamehamahama tangu mapigano ya mwaka 1993, kulisahau jina la msimulizi ni kumpoteza mara ya pili.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kila kazi ya mwanafunzi iandike jina la msimulizi, kijiji, tarehe, lugha na idhini yake. Ikiwa jina laweza kumhatarisha, lihifadhiwe mahali pa siri, lisifutwe. Tafsiri itenganishwe na matini asilia, ili maneno ya mfasiri yasichukuliwe kuwa ya msimulizi. Tena, kila kazi itetewe kwa mdomo. Siku hizi, ambapo programu za kompyuta huandika kurasa nyingi kwa dakika chache, tabaka la vitu na hata la lugha hayatoshi kumpima mwandishi. Tumwulize mwanafunzi: uliketi na nani, jioni au asubuhi, na alicheka wapi? Aliyeketi na msimulizi atajibu.